Jinsi ya kuchagua tanki wako wa kwanza kwenye Final Fantasy XIV

Nianze na kitu kinachowapoteza wengi. Hili ni gemu la mtandaoni la kucheza kwa timu, na tanki ni yule anayesimama mbele kupigwa ili wenzie wasipigwe. Tanki wa hili gemu wako wanne, Paladin, Warrior, Dark Knight na Gunbreaker, na wote wanne wanamaliza gemu lote mwanzo mwisho, hamna danjeni ya hadithi, yaani eneo la mapambano la timu, ambayo mmoja anaiweza mwenzie inamshinda. Kwa hiyo zile jedwali za nani anapiga zaidi ya nani ziache kwanza, hazijatengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye yuko levo ya 12 bado anatafuta njia ya kutoka mji wa kuanzia wa Ul'dah. Swali la kujiuliza ni moja tu: siku mambo yakiharibika, mganga kaanguka, damu yako imebaki robo na maadui nane wamekuzunguka, mkono wako unakimbilia wapi wenyewe kabla hujafikiri? Maana kuna mtu akitishika anapiga zaidi, kuna mtu akitishika anageuka kumwangalia mwenzie, kuna mtu hatishiki kwa sababu alishapanga dakika nzima nyuma, na kuna mtu ambaye vidole vikiwa havina kazi ndo anachanganyikiwa. Kila mmoja wa hao ana tanki wake humu na ukimpata wako gemu linakuwa tamu sana, ukimkosa utasema utanki ni mgumu wakati tatizo ni viatu tu havikutoshi.

Mi nilianza kwa kuangalia panga. Niliona lile panga kubwa la Dark Knight nikasema hili ndo langu, nikalisubiri miezi, nikalipata, na kila kundi likinizidi naganda, nashika kinga ikiwa nshachelewa, nafika chini waganga wa watu wanahangaika kuninyanyua. Nikabadilisha nikashika shoka la Warrior na wiki ileile nikaanza kuvuta makundi mawili mawili ya maadui kwa pamoja bila wasiwasi. Mikono ni ileile na intaneti ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba Warrior anataka ufanye kile ambacho mimi nikitishika nafanya tu, yaani kuendelea kupiga.

Kama hujui kabisa tanki anafanya nini, hivi. Danjeni ya kawaida mnaingia wanne: tanki mmoja, mganga mmoja, wapigaji wawili. Mapambano makubwa mnakuwa nane, tanki wawili, waganga wawili, wapigaji wanne. Yale ya watu 24 ni makundi matatu ya wanane na kila kundi lina tanki mmoja tu. Kazi yako ni kuhakikisha adui anakupiga wewe na sio mwingine, na wewe unaendelea kusimama. Ni kama beki wa kati, timu nzima inacheza kwa utulivu ikijua nyuma pako sawa, na beki akianza kuyumba hata mshambuliaji mbele unamwona anaanza kugeuka geuka.

Kumfanya adui akuangalie wewe tu sio kazi ngumu siku hizi. Levo ya 10 unapata kitufe cha kuwasha na kukiacha kimewaka, Warrior anaita Defiance, Paladin Iron Will, Dark Knight Grit, Gunbreaker Royal Guard. Kikiwa kimewaka kila pigo lako linawaudhi maadui mara nyingi zaidi ya kawaida. Ukiwa na pigo la kundi ukawagusa wote mara moja mbili basi wako na wewe mpaka mwisho. Kwa hiyo usichague tanki kwa kuuliza yupi anashika maadui vizuri, wote wanashika sawa, tofauti haipo hapo.

Na kuna vitu vingine ambavyo wote wanne wanavyo, navyo pia visikuumize kichwa wakati wa kuchagua. Rampart levo ya 8, inapunguza maumivu asilimia 20 kwa sekunde 20, na inarudi baada ya sekunde 90. Provoke levo ya 15 ya kumnyang'anya adui kwa mwenzio. Interject levo ya 18 ya kumkatiza adui anayeandaa uchawi wake. Reprisal levo ya 22, hii wageni wengi hawaitumii kabisa na inaniuma, inawafanya maadui wote walio karibu yako wapige pungufu asilimia 10, kila dakika moja inarudi. Arm's Length levo ya 32, wengi wanajua inazuia kusukumwa tu kumbe kila adui atakayekupiga inampunguzia mwendo wa kupiga, kwenye kundi kubwa la maadui ni kinga nzuri sana. Halafu levo ya 38 kila mmoja anapata kinga yake kubwa ya asilimia 30. Majina tofauti, kitu kilekile.

Sasa wanapotofautiana ndo hapa, vitufe viwili tu kwa kila tanki: kile cha kinga fupi cha kubonyeza kila baada ya muda mfupi, na kile cha mwisho kabisa cha kukataa kufa.

Warrior kwanza. Unaanza kama Marauder mji wa Limsa Lominsa, ule wa baharini, unashika shoka, levo ya 30 unakuwa Warrior. Kitufe chake kifupi kinaitwa Raw Intuition, unakipata levo ya 56 na baadaye levo ya 82 kinageuka Bloodwhetting, kinarudi kila sekunde 25. Ukikiwasha kila pigo la silaha linalofika linakurudishia damu, na ukitumia pigo la kundi unarudishiwa kwa kila adui uliyemgusa. Rudia kuisoma hiyo. Maana yake maadui wakiwa wengi ndo unapona zaidi, ukiwa na saba umewakusanya vizuri damu inapanda kutoka chini mpaka juu ndani ya mapigo mawili matatu, mganga anabaki anapiga na yeye. Ongeza Thrill of Battle levo ya 30 na Equilibrium levo ya 58 ya kujiponya mwenyewe, unakuta una mtu ambaye hamna kitu kinachomtisha kwenye danjeni. Nimeona mganga kafa kwa bosi bado nusu ya damu na Warrior na wapigaji wakamaliza wenyewe bila tabu.

Cha mwisho chake ni Holmgang, levo ya 42, sekunde 10 damu yako haiwezi kushuka chini ya moja, na inarudi kila dakika 4, hamna tanki mwingine mwenye muda mfupi hivyo. Kwa mtu anayejifunza hii ni zawadi kubwa maana ukikosea ukaitumia bure, dakika 4 tu unayo tena.

Upigaji wake nao ni mwepisi kueleweka. Unajenga geji yako, ile mita inayojaa ukipiga, halafu unaimwaga kwa Fell Cleave, na ukifika levo ya 70 Inner Release inakupa Fell Cleave tatu za bure za mfululizo. Kwa hiyo Warrior ni wa nani? Ni wa yule ambaye akitishika anapiga. Pia ni wa yule anayecheza kwa bando la simu, nitaieleza hiyo mbele. Kasoro yake ninayoiona mimi ni kwamba kabla ya levo ya 56 hana ule uponyaji, watu wanasikia sifa zake wanaingia danjeni ya levo ya 41 kama The Stone Vigil wanavuta mpaka ukutani wanadhani wataponeka, hawaponeki, hapo we ni tanki wa kawaida mwenye Rampart na kinga ya levo 38 na lazima uzitumie kwa zamu.

Paladin. Upanga na ngao, unaanza kama Gladiator kule Ul'dah jangwani, levo ya 30 unapewa jiwe la Paladin. Huyu nampenda kwa sababu nyingine kabisa. Kinga yake fupi ni Sheltron levo ya 35, unailipia kwa geji ambayo inajaa kadri unavyopiga mapigo ya kawaida, kwa hiyo haina mambo ya kusubiri sana, ukipiga inajaa, ukiihitaji ipo. Lakini moyo wa Paladin ni wenzie. Cover levo ya 45 unasimama kati ya adui na rafiki yako, mapigo yake unayabeba wewe. Divine Veil levo ya 56 unawapa timu nzima ngao. Clemency levo ya 58 unamponya mtu kwa uchawi kabisa kama mganga. Intervention levo ya 62 unamkinga mwenzio mmoja. Na levo ya 70 Passage of Arms, unasimama unafungua mabawa ya mwanga na kila aliye nyuma yako anaumia pungufu, mara ya kwanza kuiona kwenye pambano la watu nane nilisimamisha vidole kuitazama.

Cha mwisho chake ni Hallowed Ground, levo ya 50, sekunde 10 karibu kila kitu hakikugusi kabisa, damu haipungui hata tone. Hamna masharti wala ujanja wa ziada, mganga hana haja ya kukufanyia kitu. Bei yake ni kwamba inarudi baada ya dakika 7. Kwa hiyo Paladin anamfaa mtu ambaye macho yake yako kwenye ile orodha ya timu pembeni, anayeona damu ya mganga imeshuka kabla mganga mwenyewe hajaona. Kama we ni yule wa kwanza kuuliza "uko salama?" kila kitu kikitokea, usihangaike, chukua ngao. Tahadhari moja tu kuhusu Clemency: ukiwa unaibonyeza kila mara wakati mganga mzima yupo unapoteza muda wa kupiga na pambano linarefuka bure, iweke kwa siku mganga yuko chini au damu ya mtu imebaki kidogo mno na hamna mwingine wa kumwokoa.

Dark Knight hapatikani mwanzoni. Unahitaji uwe umeshafika mji wa Ishgard kwenye hadithi kuu, na hiyo safari sio fupi, inapita hadithi yote ya A Realm Reborn, yaani sehemu ya kwanza ya gemu, na nyongeza zake. Ukifika na uko levo ya 50 kwenye kazi yoyote ya kupigana unaichukua na inaanzia levo ya 30. Hadithi yake ya pembeni kati ya levo 30 na 50 ni moja ya vitu bora nilivyowahi kuvisoma ndani ya gemu, iliandikwa na Natsuko Ishikawa ambaye baadaye ndiye aliyeongoza uandishi wa Shadowbringers, sehemu ya baadaye ya gemu hili, na sitasema hata neno moja inahusu nini, ichezeni tu, hata kama tanki wako ni mwingine.

Ila kama tanki sikiliza vizuri. Kitufe kinachomfanya Dark Knight awe Dark Knight ni The Blackest Night, na unakipata levo ya 70. Kabla ya hapo, levo 40 zote za mwanzo, hana kinga fupi ya maana, anajiponya kidogo kidogo kwa Souleater, na ana Dark Mind ambayo ni nzuri kwa uchawi zaidi ya panga. Kwa hiyo usimhukumu kabla ya 70 na pia usishangae ukiona anaumia kuliko wenzie. Ukishaipata, mambo yanabadilika kabisa: unalipa MP, yaani nguvu za uchawi, 3000 kati ya 10000 ulizonazo, unapata ngao ya robo nzima ya damu yako, inadumu sekunde 7, na unaweza kuirudia kila sekunde 15. Ngao ikivunjwa yote unarudishiwa pigo la bure lenye thamani ya zile MP ulizolipa. Isipovunjwa umepoteza. Umeona hapo? Inabidi ujue pigo linakuja lini, uibonyeze kabla kidogo, sio baada, na ujue pigo lenyewe ni zito kiasi cha kuvunja ngao. Huyu ni tanki wa mtu anayekumbuka, anayeangalia jina la uchawi wa bosi unapojaa anasema hili nalijua, sekunde tatu. Mimi sio huyo mtu. Ila binamu yangu ndo huyo, anacheza bao vilevile, anaona kete tano mbele, na Dark Knight mikononi mwake haumii kabisa.

Cha mwisho chake Living Dead levo ya 50 kina masharti: unaiwasha, ukipigwa mpaka ungekufa unabaki na damu moja, halafu una sekunde 10 za kurudisha damu sawa na yote uliyonayo ukijaa, ukishindwa unakufa. Zamani kazi yote ilikuwa ya mganga na waganga walilalamika sana, tangu mwaka 2022 mapigo yako mwenyewe yanakurudishia hiyo damu, kwa hiyo cha kufanya ni kimoja, usisimame, piga.

Gunbreaker sitakaa naye sana maana kwa anayeanza bado yuko mbali. Alikuja na Shadowbringers mwaka 2019, anaanzia levo ya 60, unamchukua New Gridania, na toleo la bure halimfikii, lazima uwe umelipa. Ni tanki mwenye vidole vingi kuliko wote. Una risasi kwenye geji, una Gnashing Fang yenye hatua tatu, na kuanzia levo ya 70 kila hatua ina kitufe chake cha kufuatia papo hapo, yote hayo unataka uyabane ndani ya sekunde 20 za No Mercy, na hapohapo unatakiwa ukumbuke kinga. Kama unatoka kwenye gemu za ngumi unaona raha vidole vikikimbia, utampenda sana. Cha mwisho chake ni Superbolide, dakika 6, inakupunguzia damu kwanza halafu ndo inakukinga, kwa hiyo mwambie mganga kabla, mganga asiyejua anapata mshtuko akiona damu imeshuka ghafla.

Sasa suala la intaneti, na hili kwetu huku ni kubwa na miongozo mingi haiandiki maana wanaoandika wanakaa karibu na seva. Seva za hili gemu ziko Japani, Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Oceania. Afrika hamna. Sisi tulioko Dar, Nairobi, Mombasa na kwingineko wengi tunaenda Ulaya, na pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, inakuwa kubwa ukilinganisha na mtu anayekaa Ujerumani. Gemu lina mapigo makuu yanayokuja kila sekunde 2.5 hivi, na katikati yake unapenyeza vitufe vidogo. Mtu mwenye pingi ndogo anapenyeza viwili bila shida. Wewe wa pingi kubwa ukipenyeza viwili cha pili kinachelewa na pigo kuu linalofuata linasukumwa nyuma, unakuwa unapoteza kila mzunguko. Gunbreaker na Dark Knight wakati wa kumwaga mapigo yao wanapenyeza vingi sana. Warrior anapenyeza vichache, nguvu zake nyingi ziko kwenye mapigo makuu yenyewe, na ndo maana nasema kwa mtu wa bando la simu jioni mtandao ukiwa umejaa Warrior anakusamehe. Paladin yuko katikati, yule mfululizo wake wa uchawi ni mapigo makuu kwahiyo nao unavumilika.

Na hapo hapo kitu kingine kuhusu pingi kwa tanki yeyote: zile alama za rangi ya chungwa chini zinazoonyesha pigo la bosi litatua wapi, seva inaamua umeguswa au hujaguswa pale mstari wa uchawi wa bosi unapojaa, sio pale unapoona mlipuko. Kwa hiyo toka mapema kuliko unavyoona inatosha, na ukishatoka mstari ukajaa unaweza kurudi hata kabla mlipuko haujaonekana, haukupati. Kinga nazo hivyohivyo, ziwashe mstari ukiwa nusu, usisubiri mwisho.

Jinsi ya kujaribu bila kupoteza hela. Gemu lina toleo la bure ambalo halina kikomo cha siku, unacheza A Realm Reborn, Heavensward na Stormblood mpaka levo ya 70. Hiyo inatosha kabisa kuwajaribu tanki watatu, Paladin, Warrior na Dark Knight, na Dark Knight unamfikisha palepale anapopata The Blackest Night. Vikwazo vipo, huwezi kuanzisha pati mwenyewe, huwezi kununua sokoni, na pesa za ndani zinaishia gil 300,000, ila kwa kujifunza utanki havikuzuii chochote. Muhimu sana: ukishalipia akaunti hiyo huwezi kuirudisha kwenye bure, kwa hiyo usiwe na haraka ya kulipa. Na jiandae kwa ukubwa wa kushusha, ni zaidi ya GB 100, tafuta waifai ya uhakika au bando la usiku.

Kitu kizuri kuliko vyote ni kwamba mhusika wako mmoja anaweza kuwa kazi zote. Hauhitaji kuanza upya. Anza na mmoja, ukimaliza misheni ya levo 10 ya chama chako cha kwanza unaweza kwenda mji mwingine kujiunga na chama cha pili, unabadilisha silaha tu umebadilika. Ushauri wangu ni huu: wafikishe Marauder na Gladiator wote levo ya 15, hiyo haichukui muda mrefu, uingie nao wote wawili Sastasha ambayo ndo danjeni ya kwanza. Kabla ya hapo pita Hall of the Novice, ipo kwenye ile miji mitatu ya kuanzia, inakufundisha utanki kwa vitendo na mwisho inakupa seti ya nguo na pete inayoongeza uzoefu asilimia 30 mpaka levo ya 30. Usiiruke.

Kama unaogopa kuingia na watu, danjeni za hadithi kuu zote unaweza kuingia na wahusika wa gemu wenyewe kupitia Duty Support, hawachoki, hawasemi kitu, unaweza kujaribu kuvuta kundi moja, kesho mawili, ukifa unaanza tena. Lakini usikae huko milele, maana wahusika hao hawakimbii mbele wala hawakosei kama watu, na utanki halisi ni kuwabeba watu wanaokosea. Ingia na watu mapema, andika tu mwanzoni kwamba ni mara yako ya kwanza, wengi wanakuwa wapole kweli. Tanki mara nyingi hawatoshi, utaona kwenye ile ruleti ya kila siku, inayokuchagulia danjeni kwa bahati nasibu, wanaongeza zawadi kwa nafasi iliyopungua na mara nyingi ni yetu, kwa hiyo wapigaji wanaosubiri dakika nyingi wanafurahi tu umekuja.

Sasa siku ya kujipima fanya hivi. Ingia danjeni ileile mara mbili, mara moja na shoka mara moja na upanga, vuta kundi kubwa kidogo kuliko unavyojisikia raha, halafu ujiangalie. Usiangalie kama umekufa au la. Angalia ulipoona damu inashuka macho yako yalienda wapi. Yalienda kwa adui? Shoka. Yalienda kwenye orodha ya timu? Ngao. Yalienda kwenye vitufe vya kinga kuhesabu kipi kimerudi, na ukajilaumu kwamba ungeanza mapema? Basi safari ya Ishgard inakusubiri. Na kama ulichosikia ni uchoshi tu, yaani vidole vinataka kazi zaidi, vumilia mpaka Gunbreaker, wakati huo tumia yeyote umpendaye.

Ukishachagua kuna mambo machache ya siku ya kwanza ambayo nawaona watu wanaumia nayo. Levo ya 30 ukipewa jiwe la kazi livae, kuna watu wanafika levo ya 40 bado ni Marauder bila jiwe na wanashangaa skili hazipo. Ukiingia danjeni hakikisha kile kitufe cha kushika maadui kimewaka, aikoni ionekane. Kimbia kwa Sprint, waguse maadui wote, simama, halafu washa kinga moja tu, ikiisha ndo nyingine, zikiwashwa zote pamoja kwanza unakuwa jiwe kwa sekunde 15 halafu sekunde 60 zinazofuata huna kitu. Tumia pigo la kundi wakiwa watatu au zaidi. Bosi mgeuze aangalie upande ambao wenzio hawapo na ukishamweka mwache hapo, usimzungushe, maana kuna wapigaji wanaotakiwa kumpiga mgongoni au ubavuni. Wakati mwingine lakini lazima umsogeze, kwa mfano yule joka Aiatar kule Brayflox's Longstop anatema dimbwi la sumu, ukimwacha asimame humo anajiponya, mvute atoke. Na Aurum Vale levo ya 47, chumba cha kwanza kabisa, pita ukiwa umebana ukuta na vuta kidogo kidogo, kile chumba kimeua timu nyingi ambazo tanki wake alikata katikati.

Nguo pia. Tanki mwenye nguo za levo 20 nyuma hawezi kuokolewa na kinga yoyote, na kitu wanachosahau sana ni pete, hereni na mkufu. Kila baada ya levo tano fungua ukurasa wa mhusika, angalia kila nafasi, badilisha kilichozeeka, silaha kwanza. Umeme ukikatika katikati ya danjeni usikate tamaa, rudi tu, ukiingia tena wenzio wakiwa bado wapo unarudishwa mlemle ndani, waandikie umeme ulikatika, washa kitufe chako tena na uende mbele.